Garanti ya deni: namna ya kuiandikisha, kuitafuta na kuifuta ili mali isibaki imefungwa

Mtu anauza pikipiki yake Butembo. Bei ni nzuri, karatasi ziko, na yeye mwenyewe ndiye anayeonekana kila siku kwenye barabara nayo. Mnunuzi analipa palepale, wanasaini karatasi ya mauzo mbele ya mashahidi wawili, na kesho yake anaanza kazi ya taksi. Nyuma ya miezi minne, watu wa kooperative moja ya akiba na mikopo wanafika na barua: ile pikipiki iliwekwa garanti mbele ya kuuzwa, na aliyekopa hajamaliza kulipa. Mnunuzi anasema hakujua. Wao wanajibu kwamba garanti iliandikwa kwenye daftari la serikali, na daftari lile liko wazi kwa kila mtu.

Upande mwingine, mama mwenye depo ya unga na mchele alimaliza deni lake miaka mitatu iliyopita. Leo anaomba mkopo mpya kwa benki ingine. Anajibiwa kwamba mali yake ingali imefungwa kwa deni la zamani. Swali lake ni lile ambalo wengi wanauliza: “Deni ile nilishalipa yote, namna gani jina yangu ingali mule?”

Mifano hii miwili ina shina moja. Kuweka mali garanti si jambo la mdomo na si jambo la kusaini tu. Ni jambo la daftari. Kile kilichoandikwa mule kinamfunga hata mtu ambaye hakuwa kwenye mapatano, na kile ambacho hakikuandikwa, ao kiliandikwa vibaya, kinaweza kumwacha aliyekopesha mikono mitupu. Makala hii inaeleza madaftari hayo ni yapi, namna ya kuandika vizuri, namna ya kutafuta mbele ya kununua ao kukopesha, na kazi inayobaki siku deni linapoisha.

Sheria inayofuatwa

Kongo iliingia katika OHADA, umoja wa inchi 17 za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, na sheria hizo zilianza kufanya kazi katika inchi yetu tarehe 12 Septemba 2012. Mbili kati yake zinahusu jambo hili: ile ya garanti, inayoitwa kwa Kifaransa Acte uniforme portant organisation des sûretés, na ile ya biashara kwa jumla. Zote mbili, kama zilivyo sasa, zilipitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010.

Kwa viwanja na nyumba kuna pia sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo inapanga kazi ya konservatere wa hati (Conservateur des titres immobiliers) na ile karatasi ambayo wakaaji wengi wanaiita tu sertifika, yaani certificat d'enregistrement.

Aina za garanti ambazo watu wanakutana nazo

Kuna garanti ya kushikwa mkononi. Aliyekopesha anachukua kitu chenyewe, kwa mfano televizyo ao mashine ya kushona, na anakirudisha siku deni linapolipwa. Hapa kila mtu anaona kwamba kitu hakiko tena kwa mwenyewe.

Kuna garanti ambayo kitu kinabaki kwa mwenyewe. Kwa Kifaransa ni gage sans dépossession. Mwenye mashine ya kusaga anaendelea kusaga, mwenye jenereta anaendelea kuuza umeme, mwenye pikipiki anaendelea kubeba abiria. Ni nzuri kwa sababu kitu kinazidi kuzaa feza ya kulipa deni. Lakini kwa macho, hakuna anayeweza kujua kwamba kitu kile kimefungwa. Kwa ile sababu sheria inaomba mapatano yawe ya maandishi, na garanti iandikwe kwenye daftari ili watu wengine walazimike kuiheshimu.

Kuna muuzaji anayetoa kitu kwa deni na kubaki mwenyewe mpaka malipo yaishe. Hiyo ni réserve de propriété. Ni kawaida kwa pikipiki na mashine zinazolipwa kidogo kidogo. Masharti hayo yanapaswa kuandikwa, tena mapema, si nyuma ya kitu kutolewa, na yanapaswa kuingia kwenye daftari. Muuzaji ambaye hakuandikisha anaweza kumdai mnunuzi wake, lakini atakuwa na shida mbele ya mtu wa tatu.

Na kuna kiwanja ao nyumba iliyowekwa kwa deni, yaani hypothèque. Hiyo inapitia kwa konservatere.

Mdhamini, yaani ndugu ao rafiki anayesaini kwamba atalipa kama mkopaji akishindwa, ni jambo lingine. Yeye anajifunga mwenyewe, na haonyeshi kitu fulani kwamba kimefungwa.

Daftari la kwanza: RCCM

RCCM ni kifupi cha Registre du Commerce et du Crédit Mobilier. Wafanya biashara wanaijua kwa sababu ya namba wanayopewa wanapoandikisha biashara yao, ile inayoanza na CD, kisha jina la mji kwa kifupi, kisha mwaka, kisha herufi A kwa mtu binafsi ao B kwa kampuni, na namba ya mwisho. Wengi hawajui kwamba daftari hilohilo lina kazi ya pili: kupokea garanti zote za vitu vinavyohamishika, kama vyombo, magari, mashine, stoki ya depo, na hata madeni ambayo mfanya biashara anawadai wateja wake.

Daftari linashikwa na grefe ya tribinali ya biashara, ao ya tribinali inayofanya kazi yake pale ambapo tribinali ya biashara haiko. Kutoka pale habari zinapaswa kupanda kwenye faili la inchi, kisha kwenye faili la OHADA nzima kwa korti kuu ya umoja huo, Abidjan.

Kuna jambo moja la kushika vizuri: garanti inaandikishwa pale ambapo mwenye mali ameandikishwa. Kama haombwi na sheria kuandikishwa kama mfanya biashara, basi ni pale anapokaa ao pale ofisi yake ilipo. Haiandikishwi pale kitu kilipo leo, wala pale benki ilipo. Mfanya biashara wa Beni aliyekopa Goma, garanti yake inatafutwa upande wake, si Goma.

Daftari la pili: kwa konservatere

Sertifika ya kiwanja inatengenezwa mara mbili. Moja inabaki ofisini na kuwa ukurasa wa kitabu cha konservatere, ingine inapewa mwenye kiwanja. Juu yake kuna namba ya volume na ya folio, yaani kitabu gani na ukurasa gani. Hypothèque inaandikwa juu ya ukurasa ule. Kwa hiyo anayetaka kujua kama nyumba imefungwa haangalii tu karatasi anayoonyeshwa mezani. Anaomba ukurasa wa ofisini uangaliwe, kwa sababu ile ya mwenyewe inaweza kuwa ya zamani ao ya uongo.

Shida ya mashariki ni kwamba viwanja vingi havijafika kwenye sertifika. Mtu ana karatasi ya mauzo iliyosainiwa na mkubwa wa avenye, ao fiche parcellaire, ao kontra ya kukodi iliyotoka kwa ofisi ya ardhi. Karatasi hizo zina maana yake, lakini sheria ya 1973 inasema haki juu ya kiwanja inathibitishwa na certificat d'enregistrement. Mkopeshaji anayefunga karatasi ya mauzo ndani ya kabati lake na kuamini kwamba ameshika nyumba, ameshika karatasi tu. Na mkopaji aliyeitoa anaweza kuhangaika miaka kuitafuta.

Kuandika vizuri: jina, kitu, feza, muda

Fomu ya RCCM inaomba mambo ambayo yanaonekana madogo, lakini makosa yanaanzia pale.

Jina ndilo la kwanza, kwa sababu daftari linatafutwa kwa kufuata mwenye mali. Katika Beni na Butembo, watoto wa Kinande wanapewa majina kulingana na nafasi yao ya kuzaliwa: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Kwa hiyo katika avenye moja kuna akina Kambale wengi. Kuandika “Kambale Jean” ni sawa na kutoandika kitu. Jina, jina la pili na jina la ubatizo vinapaswa kufuata mpangilio uleule wa kadi ya mtu, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa.

Kadi nayo ina mtego. Wakaaji wengi wanatumia kadi ya mchaguzi kama kitambulisho, na kadi hiyo inabadilika kila uandikishaji mpya wa wachaguzi. Namba iliyoandikwa kwenye mapatano ya 2019 haitafanana na ile ya kadi iliyotolewa mwaka 2023. Ni vizuri namba ya kadi isiwe alama pekee ya mtu. Kama ana RCCM, ile namba iandikwe, kwa sababu haibadiliki kila uchaguzi.

La pili ni kitu chenyewe. “Pikipiki nyekundu” haitoshi, na “jenereta moja kubwa” haitoshi. Pikipiki ina namba ya shasi, kwa kawaida herufi na namba 17 zilizochongwa juu ya chuma. Inasomwa juu ya chuma chenyewe, si juu ya karatasi peke yake, na inaandikwa yote. Herufi moja ikikosewa, yule atakayetafuta hatapata, na avoka wa upande mwingine atasema garanti ni ya kitu kingine. Jenereta na mashine ya kusaga zina aina, nguvu na namba ya kiwanda. Kwa stoki ya depo inaandikwa ni mali gani, kiasi gani, na iko depo gani.

La tatu ni feza: deni ni kiasi gani siku ile, kwa dola ao kwa franka, na linalipwa lini. Kama mkopo unaweza kuongezeka mbele, inaandikwa namna ya kuhesabu kiasi hicho.

La ine ni muda wa garanti kubaki kwenye daftari. Wapatani wenyewe wanauchagua, lakini hauwezi kupita miaka kumi. Mkopeshaji anaonyesha pia anwani ndani ya eneo la tribinali ile, ambapo barua zitampata.

Kwa gari na pikipiki, wakopeshaji wengi wanashika carte rose na kuona kazi imeisha. Kushika carte rose kunamzuia mtu kidogo, lakini hakuandikishi kitu. Mwenye pikipiki anaweza kutangaza kwamba imepotea na kuomba ingine. Yule anayekopesha aende kwenye daftari hata kama carte rose iko mkononi mwake.

Nyuma ya kuandikisha, kila upande urudi nyumbani na nakala yenye muhuri, tarehe na namba. Kwa malipo ya serikali, anayelipa aombe note de perception na kuhifadhi risiti. Feza iliyotolewa pembeni ya meza haiachi alama yoyote siku ya mabishano.

Tarehe inapanga nani analipwa kwanza

Watu wengi wanafikiri aliyesaini wa kwanza ndiye wa kwanza. Si hivyo. Aliyeandikisha wa kwanza ndiye wa kwanza.

Tuchukue mfano. Mwenye depo Bunia anakopa dola 4 000 tarehe 3 Februari na kuweka jenereta lake garanti. Mkopeshaji anaacha fomu ndani ya mfuko, anafika kwenye grefe tarehe 20 Machi. Kumbe tarehe 1 Machi mwenye depo alikopa tena dola 5 000 mahali pengine, kwa jenereta lilelile, na mkopeshaji wa pili aliandikisha kesho yake, tarehe 2. Mwenye depo anashindwa kulipa, jenereta linauzwa dola 6 000. Ukiacha gharama za tribinali na madeni ambayo sheria inayatanguliza, kama mishahara fulani ya wafanyakazi, yule wa tarehe 2 Machi anachukua 5 000 zake zote. Yule aliyekopesha wa kwanza anabaki na 1 000. Amepoteza 3 000 kwa sababu ya wiki sita za kuchelewa.

Kutafuta mbele ya kununua ao kukopesha

RCCM si siri ya tribinali. Iliwekwa ili watu wapate habari. Anayetaka kununua mashine ya bei kubwa, gari, ao biashara nzima, anaweza kwenda kwenye grefe na kuomba karatasi inayoonyesha garanti zilizoandikwa kwa jina la muuzaji, kwa Kifaransa état des inscriptions. Aombe jibu kwa maandishi lenye tarehe, hata kama jibu ni kwamba hakuna kitu. Neno la mdomo la mtu wa ofisi halitamlinda.

Kutafuta kunaomba akili kidogo. Jina litafutwe kwa namna zote linavyoweza kuandikwa: jina la pili mbele, jina la ubatizo mbele, na herufi zinazobadilishana. Kama muuzaji ana biashara yenye jina lake, jina la biashara litafutwe nalo. Kama mali ilinunuliwa hivi karibuni kwa mtu mwingine, jina la yule wa mbele litafutwe pia, kwa sababu garanti iliyoandikishwa inakifuata kitu na haibaki nyuma kwa muuzaji wa kwanza. Na kama muuzaji alihamia kutoka mji mwingine, daftari la mji ule nalo linahusika.

Kwa nyumba ao kiwanja, mnunuzi anachukua namba ya volume na folio, anaenda kwa konservatere na kuomba ukurasa uangaliwe. Anaangalia mambo matatu: mwenyewe ni nani kweli, kuna hypothèque ao hapana, na kuna zuio la tribinali ao hapana.

Mnunuzi asisahau bwana ao bibi wa muuzaji. Kodi ya familia, kama ilivyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaomba mume na mke wapatane juu ya matendo ya sheria yanayowafunga. Saini moja juu ya nyumba ya familia ni mlango wa kesi.

Benki kuu ya Kongo ina huduma inayokusanya habari za mikopo kutoka benki, kwa Kifaransa Centrale des risques. Ile inasaidia benki kujua nani ana deni gani. Haichukui nafasi ya RCCM, kwa sababu mnunuzi wa pikipiki anahitaji kujua kama pikipiki yenyewe imefungwa.

Kufuatilia: garanti inaweza kufa kabla ya deni

Garanti iliyoandikwa kwa miaka mitatu inazimika miaka mitatu ikiisha, hata kama deni lingali. Jambo hili linawapata wakopeshaji wakati wa mikopo iliyorefushwa. Mkopaji aliomba muda zaidi juu ya vita ao barabara iliyokatika, wakasaini tarehe mpya ya malipo, lakini hakuna aliyerudi kwenye grefe. Siku ile muda wa zamani unapita, garanti inatoka kwenye mstari. Mkopeshaji anaweza kuandikisha tena, lakini atasimama nyuma ya wote walioingia mbele yake.

Dawa yake ni kuomba muda urefushwe kabla haujaisha, si nyuma. Kooperative ndogo haihitaji programu ya kompyuta kwa kazi hiyo. Daftari moja lenye mistari linatosha: jina la mkopaji, namba ya kuandikishwa, tarehe ya kuandikishwa, tarehe ya mwisho, na tarehe ya kukumbushwa, tuseme miezi mitatu mbele ya mwisho. Mtu mmoja apewe kazi hiyo, na akibadilishwa, aache daftari kwa yule anayekuja kwa kusaini. Kukiwa kompyuta, nakala ya pili ikae mahali pengine.

Deni limeisha, kazi haijaisha

Kulipa feza ya mwisho hakufuti mstari kwenye daftari. Ndiyo maana mama wa depo alikuta jina lake lingali mule.

Siku ya malipo ya mwisho, mkopaji anaomba karatasi mbili. Ya kwanza inasema deni limelipwa lote. Ya pili ni ile inayoitwa mainlevée, ambapo mkopeshaji anakubali kuachilia mali. Na hiyo ya pili anaipeleka mwenyewe kwenye grefe, ao kwa konservatere kama ni kiwanja, ili mstari ufutwe. Nyuma ya kufutwa anaomba uthibitisho, na kama ni sertifika anahakikisha ukurasa wa ofisini umesafishwa sawa na ule wake.

Kama mkopeshaji anakataa bila sababu, ao hajulikani tena alipo, tribinali inaweza kuamuru mstari ufutwe. Lakini mbele ya tribinali mkopaji atahitaji kuonyesha risiti zake zote. Anayelipa kidogo kidogo kwa miaka miwili bila risiti anajifunga mwenyewe.

Kama deni halikulipwa

Kuandikisha garanti hakumpi mkopeshaji ruhusa ya kuja usiku na vijana kubeba vitu. Kuna njia ya sheria: kuuza kupitia tribinali, ao kuomba tribinali impe kitu chenyewe. Mapatano ya kwamba kitu kitakuwa cha mkopeshaji moja kwa moja yanakubaliwa juu ya vyombo tu pale ambapo mkopaji amekopa kwa kazi yake, na hata pale kitu kisicho na bei rasmi kinapaswa kupimwa thamani na mtaalamu siku ile kinapochukuliwa.

Na kuna haki ambayo wakopaji wengi hawaijui: kama kitu kina thamani kuliko deni, kile kinachozidi kinarudi kwa mwenyewe. Mashine ya dola 3 000 haiwezi kumezwa na deni la dola 1 200. Dola 1 800 zinazobaki, mbele ya kutoa gharama, ni za mkopaji.

Hapo ndipo tofauti na ile inayoitwa Benki Lambert inaonekana. Mwalimu ao askari anaacha kadi yake ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji wa kartye, mama anaacha karatasi ya kiwanja, kijana anaacha simu. Hakuna daftari, hakuna tarehe ya mwisho, hakuna karatasi ya kuachilia. Riba inapanda, na siku ya ugomvi hakuna upande unaoweza kuonyesha kitu.

Karatasi katika majimbo yenye moto, maji na vita

Mashariki, karatasi hazipotei kwa uzembe tu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma na kumeza nyumba za biashara na ofisi. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikatoka tena, na siku chache nyuma yake wakaaji wa kartye nyingi wakaambiwa waondoke mara moja. Wengi walikimbilia Sake, Minova, Rutshuru ao Rwanda na nguo walizovaa. Mwezi wa Aprili 2020, Uvira, mto Mulongwe uliingia ndani ya nyumba za watu. Mwishoni mwa Januari 2025, AFC/M23 ilipoingia Goma, benki zilifunga milango, na Februari ikawa zamu ya Bukavu.

Kila mara, waliolipa madeni yao walijikuta bila risiti, na wale wa kuwaachilia hawakuwa tena kwenye kiti. Kwa hiyo nakala moja haitoshi. Mapatano, karatasi ya kuandikishwa, risiti na mainlevée zipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa mtu wa familia anayekaa mji mwingine. Nakala ya pili, iliyothibitishwa, ikae kwa avoka ao notere. Namba peke yake, iwe ya RCCM ao ya volume na folio, iandikwe ndani ya kitabu kidogo kinachobebwa pamoja na kadi. Karatasi ikichomwa, namba inaweza kumsaidia mtu kufika tena kwenye ukurasa.

Ya kukumbuka

Kwa anayekopesha: andika jina kama kadi inavyosema, soma namba ya kitu juu ya chuma, andikisha siku ileile ao kesho yake, na weka tarehe ya mwisho mahali unapoiona.

Kwa anayekopa: usisaini karatasi isiyo na kiasi na tarehe, chukua nakala yako, omba risiti kwa kila malipo, na usiondoke bila mainlevée siku ya mwisho.

Kwa anayenunua: uliza grefe kuhusu jina la muuzaji na konservatere kuhusu ukurasa wa kiwanja, upate jibu la maandishi, kisha ndipo utoe feza.